Bunduki Mseto za Kuwindia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuzichagua na Kuzitumia

Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya na kujiandaa kwa mtihani wa uwindaji, au ambao wamekwisha kupata kibali na sasa wanaikodolea macho bunduki yenye mitutu mitatu dukani wasijue waulize nini. Mfano ninaoutumia zaidi ni wa Ujerumani, kwa kuwa ndiko bunduki hizi zilikokulia na ndiko nilikojifunzia kuzitumia.

Bunduki mseto ni nini hasa?

Ni bunduki moja iliyounganisha mtutu wa raifo na mtutu wa shotigani. Mtutu wa raifo una mifuo inayojizungusha kwa ndani na hupiga kichwa kimoja cha risasi kwa umbali mrefu. Mtutu wa shotigani ni laini kwa ndani na hutawanya marisau kwa umbali mfupi. Karibu zote ni za kukunjika: unasukuma kibanio kilicho juu ya shingo ya kitako, mitutu inainama, unaweka risasi kwa mkono, kisha unaifunga. Hakuna magazini. Idadi ya mitutu ndiyo idadi ya risasi ulizo nazo.

Zipo za aina ngapi?

Iliyo rahisi zaidi ina mitutu miwili, mmoja wa raifo na mmoja wa marisau. Wajerumani huiita Büchsflinte mitutu inapolazwa ubavu kwa ubavu, na Bockbüchsflinte inapopandishwa mmoja juu ya mwingine. Yenye mitutu mitatu huitwa Drilling, jina linalotokana na neno lao la tatu, na mpangilio wake wa kawaida ni mitutu miwili ya marisau juu, na wa raifo chini katikati. Upo pia mpangilio wa raifo mbili na shotigani moja. Yenye mitutu minne huitwa Vierling. Ni kazi ya ajabu ya mikono ya mafundi, ila ni nzito, ina bei kubwa, na simshauri mtu aanze nayo.

Waingereza nao walikuwa na yao katika karne ya 19, iliyoitwa kwa jina la Koloni la Rasi huko Afrika Kusini: mtutu mmoja wa raifo na mmoja wa shotigani, ubavu kwa ubavu. Marekani ilijulikana zaidi Savage 24, yenye mtutu mdogo wa kaliba (kipenyo cha mtutu) .22 juu na wa marisau chini, bunduki ya shambani ya bei nafuu.

Kwa nini zilistawi Ujerumani na Austria kuliko kwingineko?

Sababu ni namna wanavyowinda. Mwindaji wa huko hukabidhiwa eneo lake, analitunza mwaka mzima, na analizunguka alfajiri na jioni akiwa peke yake au na mbwa wake. Katika matembezi ya saa moja anaweza kukutana na sungura kwenye majani, mbweha ukingoni mwa shamba la mahindi, bata mwitu kwenye kidimbwi, kisha paa mdogo wa Ulaya, ambaye wao humwita Reh, au nguruwe mwitu akitoka msituni. Hawezi kubeba bunduki mbili, wala hajui ni mnyama gani atakayejitokeza kwanza. Bunduki mseto ilitengenezwa kwa ajili ya mtu huyo asiyejua.

Mafundi wa mji wa Suhl katika jimbo la Thuringia, na wenzao wa Ferlach huko Austria, waliifikisha kazi hii mahali pa juu sana. Kampuni ya Sauer & Sohn, iliyoanzishwa Suhl mwaka 1751, ndiyo iliyotengeneza Drilling ya M30 iliyogawiwa kwa marubani wa kikosi cha anga cha Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili rubani akianguka jangwani Afrika Kaskazini aweze kujitafutia chakula na kujilinda.

Wazo hilo lilifika hata angani. Mwezi Machi 1965 wanaanga wa Kisovieti Pavel Belyayev na Alexei Leonov walitua mbali na mahali palipokusudiwa, katikati ya msitu wenye theluji, wakalala humo huku wakihofia wanyama wakali. Baadaye wanaanga wa nchi hiyo walipewa TP-82, silaha fupi yenye mitutu mitatu, miwili laini na mmoja wa raifo.

Je, inanifaa mimi?

Inategemea unavyowinda. Kama kazi yako ni kukaa kwenye dungu ukimsubiri nguruwe mwitu au paa, raifo ya kawaida yenye magazini itakufaa zaidi: ni nyepesi, bei yake ni ndogo, ina shabaha tulivu, na inakupa risasi ya pili na ya tatu. Kama unawinda ndege na sungura katika kundi la watu, shotigani halisi ya mitutu miwili itakaa vizuri zaidi begani na kugeuka upesi zaidi. Bunduki mseto haiishindi raifo katika kazi ya raifo, wala haiishindi shotigani katika kazi ya shotigani. Thamani yake inaonekana kwa mtu anayetembea eneo lenye wanyama wa aina nyingi, na kwa mtu wa dungu anayetaka kumpiga mbweha aliye karibu bila kuharibu ngozi yake kwa risasi kubwa.

Kwa anayeanza, namshauri achukue yenye mitutu miwili iliyopandana. Ina mambo machache ya kukumbuka, na kukumbuka ndiko kunakoamua kila kitu katika bunduki hizi, kama nitakavyoeleza mbele.

Nichague kaliba gani kwa mtutu wa raifo?

Anza na sheria. Sheria ya uwindaji ya Ujerumani inataka risasi ya kumpigia Reh iwe na nguvu isiyopungua jouli 1000 katika umbali wa mita 100. Kwa wanyama wengine wa kwato, kaliba isipungue milimita 6.5 na nguvu isipungue jouli 2000 katika umbali huohuo. Sheria hiyohiyo inakataza kumpiga mnyama wa kwato kwa marisau. Kwa hiyo mwenye bunduki mseto anatembea na mtutu halali na mtutu haramu kwa mnyama mmoja, vyote vikiwa mkononi mwake kwa wakati mmoja.

Kisha tazama herufi R mwishoni mwa jina la risasi. Inaonyesha kuwa kitako cha ganda kina ukingo uliojitokeza, ambao bunduki ya kukunjika huushika kwa urahisi wakati wa kulitoa ganda. Zipo bunduki za kukunjika zinazotumia risasi zisizo na ukingo, lakini zinahitaji vishikizo vidogo zaidi, na kwa maoni yangu herufi R ni rafiki wa kweli siku ya baridi na vidole vilivyokufa ganzi.

Kwa matumizi ya jumla, 7x65R, iliyobuniwa na Wilhelm Brenneke mwaka 1917, inatosha kwa paa hadi kulungu mkubwa. 7x57R ni pole zaidi begani. 8x57IRS ni ya zamani na bado inaaminika sana kwa nguruwe mwitu. 9.3x74R ni nzito, vichwa vyake hufikia gramu 18.5 na zaidi, na inamfaa anayewinda nguruwe wakubwa misituni. Usiichanganye na 9.3x72R, ambayo jina lake linafanana nayo mno lakini ni risasi dhaifu ya zama za kale.

Na upande wa marisau?

Geji ndiyo kipimo cha upana wa mtutu wa shotigani, na geji 12 na 20 ndizo rahisi kupatikana. Geji 16 ilipendwa sana kwenye Drilling za zamani kwa sababu inaipa bunduki wembamba mzuri mkononi, ila uchaguzi wa risasi zake ni mdogo. Kwa sungura na mbweha hutumika marisau ya milimita 3.5, na kwa ndege marisau madogo ya milimita 2.5 hadi 3. Hesabu mita 35 kuwa mwisho wako. Pima kwa hatua kabla hujaanza kuwinda, maana jioni macho hudanganya.

Tangu tarehe 15 Februari 2023 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku marisau yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi katika maeneo ya ardhioevu na ukanda wa mita 100 kuyazunguka. Chuma ndicho kibadala cha kawaida, lakini chuma ni kigumu na mdomo wa mtutu wa zamani uliobanwa sana unaweza kuharibika. Bunduki iliyopimwa kwa risasi za chuma zenye nguvu kubwa hugongwa alama ya ua la yungiyungi. Ukiikosa alama hiyo, mpelekee fundi kabla ya kununua hata boksi moja.

Mtutu wa marisau unaweza pia kupiga kichwa kimoja kizito cha shotigani, kama kile alichokibuni Brenneke huyohuyo mwaka 1898. Ni cha umbali mfupi, mita 35 hadi 50, na ni lazima ukijaribu kwenye uwanja wa shabaha, kwa sababu kila mtutu una tabia yake.

Nitajuaje ni mtutu upi utakaolia?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na kama una dakika tano tu za kusoma, zitumie hapa.

Katika Drilling ya kawaida kuna vifyatulio viwili. Cha mbele ni cha mtutu wa kulia wa marisau, na cha nyuma ni cha mtutu wa kushoto. Raifo haina kifyatulio chake. Juu ya shingo ya kitako, mahali ambapo shotigani nyingi huwa na kifungio cha usalama, pana swichi ndogo ya kusukuma kwa kidole gumba. Ukiisukuma mbele, kifyatulio cha mbele kinauacha mtutu wa kulia na kushika raifo, na kilengeo cha nyuma kinainuka juu ya mitutu kukujulisha kuwa raifo iko tayari. Kifungio cha usalama chenyewe kimehamishiwa ubavuni, upande wa kushoto wa kitako.

Mtu aliyezoea shotigani ya kawaida anaposhtushwa na ndege, kidole gumba chake kinasukuma swichi ya juu kwa mazoea, akidhani anafungua usalama. Kumbe amechagua raifo. Akifyatua kuelekea juu, anarusha angani kichwa cha risasi ambacho kinaweza kuanguka kilomita kadhaa mbali, mahali asipopaona. Hatari hiyo haina udogo wowote.

Kosa la upande wa pili lilitaka kunikuta mimi. Jioni ya mwezi wa tano nilikuwa kwenye dungu pamoja na mzee aliyekuwa akinifundisha. Dume la Reh lilitoka kwenye majani marefu, kama mita 80, likasimama ubavu. Nililenga kwa darubini, nikatulia, nikaanza kukibana kifyatulio. Mzee hakusema neno. Aliweka kidole chake juu ya swichi ili nami nikitazame. Ilikuwa nyuma. Ningefyatua, marisau yangemfikia yule mnyama yakiwa yamechoka, yangemtoboa ngozi na matumbo bila kumuua, naye angekwenda kufia kwenye kichaka siku mbili baadaye. Kilengeo cha nyuma kilikuwa kimelala, lakini kwa kuwa jicho langu lilikuwa ndani ya darubini, alama hiyo haikunisaidia kitu.

Tangu siku ile nina desturi moja nisiyoivunja: kabla kidole cha shahada hakijaingia kwenye kifyatulio, kidole gumba kinaigusa swichi, na moyoni nautaja mtutu kwa jina. Fanya hivyo nyumbani bunduki ikiwa tupu, mara mia, gizani, mpaka mkono wenyewe ukumbuke. Na usichanganye mifumo. Bunduki ya mitutu miwili yenye vifyatulio viwili haina swichi hiyo. Kila kifyatulio kina mtutu wake. Ukimiliki zote mbili, chagua moja ya kubebea msimu mzima.

Kifyatulio chepesi ni nini, na kina hatari gani?

Katika bunduki nyingi za aina hii, ukikisukuma kifyatulio cha mbele kuelekea mbele kabla ya kupiga, kinajitega, na baada ya hapo mguso mdogo tu unatosha kufyatua. Kinasaidia shabaha ya mbali kutoka kwenye egemeo. Kitege pale tu unapokuwa umekwisha kulenga. Mnyama akiondoka kabla hujapiga, funga usalama, ikunje bunduki, toa risasi, ndipo ukitegue. Usishuke kwenye dungu wala kupiga hatua kikiwa kimetegwa.

Darubini ifungwe vipi?

Chagua yenye ukuzaji mdogo unaobadilika, kwa mfano 1.5 hadi 6, na ifungwe kwa vishikizo vinavyokuruhusu kuitoa na kuirudisha bila kupoteza shabaha. Mafundi wa Suhl wana mfungo wa makucha unaosifika kwa jambo hilo. Asubuhi ya kuwinda sungura darubini inakaa mfukoni. Jioni inarudi juu ya mitutu. Tatizo ambalo wauzaji hawalitaji ni kitako: kitako kilichoinama kwa ajili ya marisau kinaliacha shavu likielea hewani unapotazama kwenye darubini. Ijaribu begani kwa namna zote mbili kabla hujalipa.

Kwa nini risasi zangu zinapanda kila ninapopiga?

Kwa sababu mitutu imeunganishwa kwa lehemu. Ukipiga raifo, mtutu wake unapata joto na kurefuka, huku mitutu ya marisau iliyoshikamana nao ikibaki baridi. Mtutu wa raifo ukiwa chini, kurefuka kwake kunausukuma mdomo wa bunduki juu, na kila risasi inaipita ile iliyotangulia. Wengi hudhani bunduki ni mbovu, wakaanza kuzungusha skrubu za darubini, wakaharibu kila kitu.

Ilinganishe bunduki hii kwa subira. Piga risasi moja ukiwa umeegemea, ikunje, iweke kivulini, subiri mtutu upoe kabisa mpaka ukiushika husikii joto, ndipo upige ya pili. Risasi tatu zinaweza kukula saa nzima, na saa hiyo haipotei, kwa sababu porini utapiga mtutu ukiwa baridi na mara nyingi utapiga mara moja tu. Desturi ya Wajerumani ni kuweka risasi ipige kama sentimita 4 juu ya alama katika mita 100, ili mwindaji aweze kulenga katikati ya kifua hadi mbali kidogo bila kufanya hesabu. Baadhi ya bunduki za kisasa zina mitutu isiyofungwa pamoja kwa urefu wote, na kwa hizo tatizo hupungua sana.

Ukimaliza, jaribu pia mitutu ya marisau kwenye karatasi kubwa. Usidhani kuwa yote inapiga mahali pamoja kwa sababu tu imelala pamoja.

Mtutu wa kuchomeka ndani una faida?

Ndiyo. Ni mtutu mwembamba wa raifo unaoingizwa ndani ya mtutu mmoja wa marisau, kwa kawaida wa kulia, kwa risasi ndogo kama .22 Hornet. Humfaa mtu anayekutana na mbweha mara nyingi kwa umbali usiofikiwa na marisau. Lakini unaongeza uzito, na sasa swichi ileile inachagua kati ya raifo mbili zenye nguvu tofauti kabisa. Usinunue mpaka umemiliki bunduki yako kwa mwaka.

Niibebe vipi kwa usalama?

Bunduki ya kukunjika ina heshima moja kubwa: ikikunjwa, kila mtu aliye karibu anaona kuwa haiwezi kupiga. Ikunje na uitoe risasi kabla ya kupanda au kushuka dungu, kuruka mfereji, kuvuka uzio au kuingia garini. Huko Ujerumani kanuni za kuzuia ajali zinalitaka hilo.

Bunduki nyingi za zamani hujikoki zenyewe zinapokunjwa, na kinachozuia ajali ni kifungio cha usalama tu. Kampuni kama Blaser na Krieghoff zimetengeneza zenye mfumo wa kukoki kwa mkono: bunduki imejaa risasi, lakini springi zimelegea mpaka usukume kikoki kwa kidole gumba wakati wa kupiga. Kama fedha inaruhusu, mimi ningelipia mfumo huo kabla ya kulipia nakshi za fedha ubavuni.

Je, naweza kuitumia Afrika Mashariki?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Tanzania inaruhusu uwindaji wa leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na silaha inahitaji kibali chake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Anza na mamlaka husika kabla ya kufunga mzigo. Kwa nyati na wanyama wengine wakali siipendekezi hata kama mtutu wake ni wa 9.3x74R: ukikosea risasi ya kwanza ya raifo, kilichobaki mkononi ni marisau, na nyati aliyejeruhiwa hasimamishwi na marisau.

Nimepata ya zamani kwa bei nzuri. Nikague nini?

Mwombe muuzaji atoe mitutu ili usome maandishi na alama zilizogongwa chini yake. Hapo ndipo ukweli wa bunduki ulipo.

Kwanza, kaliba. Zipo 8x57 za aina mbili zinazofanana kwa macho. 8x57IR ina kichwa chenye kipenyo cha takriban milimita 8.1, na 8x57IRS kina takriban 8.2, kikiwa na shinikizo kubwa zaidi. Herufi S moja ndiyo inayozitofautisha. Risasi ya IRS ikilazimishwa kwenye mtutu wa IR, shinikizo linapanda kupita kiasi, na mitutu hiyo iko sentimita chache kutoka usoni pako. Kama S haisomeki, fundi aupime mtutu.

Pili, urefu wa chumba cha marisau. Geji 16 za zamani nyingi zina chumba cha milimita 65, huku risasi za leo zikiwa za milimita 70. Risasi ndefu huingia bila shida, na ndiyo maana ni ya hatari: inapofunguka haipati nafasi.

Tatu, shika mitutu mkononi bila kitako, ining'inize kwa kidole na uigonge kidogo kwa kifundo. Iliyoshikamana vizuri hulia kama kengele, na iliyoachia lehemu hutoa mlio mfu. Irudishe mitutu kwenye kitako, ondoa mbao ya mbele, funga, kisha jaribu kuitikisa kushoto na kulia. Isicheze hata kidogo. Mwisho, ukiwa umeweka risasi bandia za mazoezi, isukume swichi mbele na nyuma mara kadhaa, kila mara ukifyatua, na uhakikishe kuwa mtutu uliouchagua ndio uliogongwa. Ukisikia mgongano mara mbili kwa mvuto mmoja, au swichi ikikwama katikati, mrudishie mwenyewe bunduki yake.